Mpopi wa Mawe Manne

Siorapaluk, Agosti

Mdogo wangu Tukummeq,

Nakusalimu sana, wewe na mumeo na magoti yako yale. Yamezoea ngazi za huko kusini, au bado yanalalamika? Mimi mzima. Nala, nalala, nashona. Mwandiko wangu ni ule ule niliojifunzia kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iinue mwenyewe.

Habari ya mwanangu ulishaipata kwa redio ya dukani. Barafu ilimmeza Juni, yeye na sleji yake na mbwa tisa walioivuta. Jina lake nitaliandika mwisho, si hapa. Tulilelewa hivyo mimi na wewe: jina la marehemu halitamkwi mpaka lipate mtoto wa kulibeba. Mwili haukuonekana. Watu walikuja kukaa wakingoja nilie, nikawaambia waende wakakamate ndege, msimu hauwangoji. Mpaka leo sijalia. Ndani nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kwa kuwa hapakuwa na wa kuzika, nilipanga mawe manne kule juu alipopenda kukaa akiangalia barafu. Julai mpopi ukachanua katikati yake. Unaujua, shina lina vinyweleo kama kidevu chake, na kikombe cha njano kinalifuata jua mchana kutwa. Upepo ulioangusha hema la jirani uliutikisa tu. Nikawa napanda kila siku. Eqilana, mkwe wangu, alidhani nakwenda kusali.

Mwisho wa Julai Eqilana akajifungua, msichana. Katekista akamwaga maji, akampa jina la baba yake kama inavyotakiwa. Basi nilikuwa nimempata mwanangu tena, nilitakiwa nimwite mwanangu. Ulimi ukagoma. Nikawa nasema "huyu".

Huyu akalia. Akalia usiku, akalia mchana, ziwa hashiki. Akawa mwepesi kama ndege aliyenyonyolewa. Muuguzi, binti wa Kidenmark mwenye huruma, akawa anamnywesha maziwa kwa kijiko, akasema meli ikifika na mtoto bado hanyonyi, ataondoka nayo kwenda hospitali kusini. Anayeondoka na meli hurudi na meli, nayo huja mara moja kwa mwaka. Eqilana akaanza kukunja vinguo.

Ndipo bibi Inaluk akaja kunywa kahawa, na meno yake mawili. Alimsikiliza mtoto kama anavyosikiliza barafu, kichwa upande.

"Huyu hana jina," akasema.

Eqilana akamjibu kwamba jina analo, na yeye Inaluk alikuwapo kanisani, tena alisinzia.

"Alimwagiwa maji tu, binti yangu. Jina lenyewe limeshikwa. Kuna mtu analiita kwingine."

Eqilana akacheka kidogo, maana Inaluk husema mengi kahawa ikiwa tamu. Mimi nilimmiminia mpaka ikafurika mezani.

Tukummeq, mtu huyo ni mimi. Ua lile nilikuwa naliita kwa jina la mwanangu. Mara ya kwanza lilinitoka tu, nikamuuliza kama viatu vimekauka. Kesho yake nikamuuliza amekula nini. Nilimpelekea ngozi ya nyangumi, nikaila mwenyewe kwa niaba yake. Mtoto alizaliwa, akabatizwa, na mimi nikaendelea kupanda na kuliita lile ua. Mjukuu wangu alikuwa anakufa njaa kwa sababu ya bibi yake.

Jana meli ilipotokeza nyuma ya mlima wa barafu, nilimtia mtoto kwenye kofia ya koti langu, mgongoni, nikapanda. Petali zilikuwa zimeanguka, kimebaki kichwa cha mbegu. Nikaliambia ua, "Wewe ni ua tu. Mwanangu hayupo hapa." Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu. Kisha nikamtoa mtoto, nikamwita jina lake sikioni, nikamwambia, "Mwanangu, twende nyumbani, maziwa yapo."

Usidhani nakupambia. Kwanza alipiga chafya, kisha akanichafua koti, ndipo akanyamaza. Njiani alikuwa ananyonya ukosi wangu. Eqilana alipompokea alinyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Eqilana anadhani ni kijiko cha muuguzi. Sijamwambia. Nakwambia wewe kwa sababu ndiwe uliyempokea yule wa kwanza mwenye jina hili siku aliyozaliwa. Leo nimepita kule juu nikiwa nimefunga mdomo. Ni mawe manne na shina kavu. Bado sijalia, ila ule mguu niliokuambia umeanza kuchomachoma.

Barua hii itapanda meli. Mtoto hatapanda. Nakutumia ndege waliochacha ndani ya ngozi ya sili. Wafungulie nje, majirani zako wasihame. Msalimu mumeo, aongeze unene.

Masaitsiaq anakusalimu. Yuko mapajani kwangu, ananilowesha ninapoandika.

Dada yako,
Atitak