Mafiga Uliyoyatoa Ngomeni

Baba Neema,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu uhamie Dar nimeianza barua hii mara nyingi, mtoto akilia naiacha. Leo Neema amelala, hasira yangu haijalala, basi naimaliza. Naiandika ya wazi ili isomwe na kila aliye na kitabu chako cha picha za nyumba zilizoachwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka nyumbani Majengo asubuhi, wewe na kamera mbele, mimi na Neema mgongoni, tukizifuata nyumba za zamani? Maduka ya mawe yaliyoezuka mabati, matembe ya udongo yaliyobonyea mgongo. Wewe ulitafuta mwanga. Mimi nilitafuta watu wa kuniambia nani aliishi pale, nikaandika kwenye daftari la shule. Ukaniambia, "Mama Neema, bila wewe mimi napiga kuta tu." Nami nikavimba kichwa.

Kisha tukafika kule mbele ya Makutupora, kwenye nyumba ya mawe ambayo watu wanaiita Ngome kwa ajili ya mnara wake. Mgeni aliyeijenga alipoondoka alimwachia msimamizi wake wa shamba, marehemu mume wa Bibi Mwaja. Paa la juu lilipoanguka, Bibi akajijengea kibanda pembeni. Lakini kila wiki huingia jikoni mwa Ngome, anawasha moto kwenye mafiga yake matatu na kupika uji. Alitueleza mwenyewe: "Moto ukiwaka humu, hakuna wa kusema nimehama."

Nilipiga picha ya mafiga yale kwa kamera yako, majivu yakiwa bado ya moto. Bibi akatoka kututafutia maji ya kunywa. Hapo ukaanza kuyasukuma kwa mguu, moja moja, hadi nje ya mlango.

"Yarudishe, Baba Neema. Hayo ndiyo makazi ya mtu."

"Yanaharibu picha. Nani ataamini kwamba imeachwa?"

Nikanyamaza. Hilo ni langu, nalibeba. Bibi aliporudi na kata ya maji aliyaona mawe nje, akanigeukia mimi: "Mjukuu wangu, huyu mumeo ana macho ya kamera tu. Ya kwake kayaacha wapi?" Tukacheka wote watatu. Kicheko kile kinaniunguza mpaka leo.

Kwa sababu mwezi uliopita mtu alifika kijijini na kitabu chako mkononi, kafungua ukurasa wa Ngome. Chini ya picha umeandika: haina mwenyewe. Anataka kujenga hoteli pale. Bibi ameitwa kwenye baraza la ardhi athibitishe nyumba yake mwenyewe. Alinipigia simu: "Mjukuu, kumbe nilishakufa, na hamkunizika?"

Nilimfunga Neema mgongoni nikaenda kijijini kwake.

Nimelisoma daftari langu mbele ya serikali ya kijiji, mstari kwa mstari, na wewe umo. Nimekwenda Chimwaga, kwenye ule ukumbi ulikotundika picha zako, nikawaeleza ulichofanya jikoni. Wameishusha ya Ngome. Nilisimama pale mpaka msumari ukabaki peke yake ukutani, nikasikia raha. Sikufichi. Na huo ni mwanzo. Kila nyumba iliyomo kitabuni naijua njia yake, na kila mlango nitapiga hodi niulize ulihamisha nini. Neema akikua nitamwambia pia, bila kutia chumvi. Yaliyotokea yanatosha.

Bado nikiona jua la saa kumi kwenye ukuta wa udongo nakuona umepiga goti, umezuia pumzi. Nilikupenda ukiwa hivyo. Lakini mwanamke mzee hawezi kulala barabarani kwa ajili ya mapenzi yangu.

Baraza linakaa tena baada ya mavuno ya zabibu. Salamu zako kaa nazo. Ninachohitaji ni hiki: kadi ya kamera yenye picha za siku ile, niliyoitia alama kwa rangi ya kucha, bila kufuta kitu. Picha ya mafiga isiyokatwa, isafishwe kubwa, nakala mbili, moja ya baraza na moja ya Bibi. Na karatasi uliyoiandika kwa mkono wako, siyo ujumbe wa simu, kwamba uliyakuta mafiga matatu yenye majivu ya moto, na aliyeyatoa ni wewe. Weka sahihi na majina yako yote, kama yalivyo kwenye jalada.

Mimi,
mama wa mwanao