Chumvi ya Sokoni na Ng'ombe Wetu

Baba Kulwa,

Leo nimekukumbuka kwa hasira, uniwie radhi. Nimefika sokoni na gunia langu la maharage, nikamkuta bwana afya amesimama langoni anawanyang'anya watu mifuko ya nailoni. Halmashauri imekataza. Kuanzia leo nailoni haziingii sokoni, stendi wala machinjioni, mahali popote palipo pa halmashauri. Watu wananung'unika, wengine wamerudia kufunga chumvi kwenye pindo la kanga. Mimi nilikaa juu ya gunia nikashindwa hata kupanga meza. Katazo limekuja leo, wewe hupo, na zizi letu nimelipanda mboga za chainizi.

Unakumbuka tulivyoingia huku Ufipa kutoka Usukumani, Kulwa mgongoni kwangu, Doto kwenye baiskeli yako, ng'ombe mbele? Pale Mazwi, pembeni mwa mji, hakuna aliyetujua. Bibi Tekla, jirani yetu, ndiye aliyetuletea kaa la moto na ugali wa ulezi, akakutania kwamba unaongea na ng'ombe kuliko unavyoongea na mkeo. Ulicheka sana. Tangu hapo kila asubuhi ulikuwa unavua kofia, unamwamkia shikamoo kabla hujafungua zizi.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa vitu. Wauza chumvi waliokuwa wakifungia watu kwenye magazeti wakaanza kufunga kwenye nailoni, vifundo vidogo vidogo. Jioni soko likifungwa, uwanja mzima ulikuwa umetapakaa mifuko iliyopasuka, na wewe ukaona neema. Kwenu mtu husafiri mbali kuwatafutia ng'ombe chumvi. Hapa ilikuwa chini, ya bure. Ukawa unawapitisha pale walambe. Bado nakuona umeegemea fimbo, unapiga mluzi, umeridhika kama mwenye sherehe anayetazama wageni wake wakila.

Bibi Tekla alikuja mwenyewe kukuonya, ukiwa unakamua.

"Baba Kulwa, usiwapitishe pale sokoni. Mbuzi wangu alikula zile nailoni akafa, nilimpasua nikaona kwa macho yangu. Na hawa wako watakufa."

Ulimshukuru. Lakini neno la mwisho lilikukaa kifuani. Ng'ombe walipoanza kukonda na kuvimba matumbo, wakafa mmoja baada ya mwingine, hukuwa na swali jingine ila moja: "Alijuaje?" Uliniuliza mimi, ukawauliza wafugaji wenzako, ukalifikisha mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Nilikwambia alijua kutokana na mbuzi wake. Ukasema huyo mchawi ameshanilisha kitu ili nimtetee.

Ukawakataza watoto wasimwamkie. Nilimwona Bibi Tekla amesimama njiani, mkono wake uko tayari kuwashika kichwani kama alivyozoea, na wanao wakampita wameinamisha nyuso. Baadaye vijana wakaanza kurusha mawe kwenye bati lake, na wewe ukasikia ukaendelea kula. Hilo, mume wangu, bado linaniuma kuliko kufa kwa ng'ombe. Mchana mmoja alipanda lori la Wampembe, kule ziwani, kwenda kwa binti yake, amempakata kuku wake mmoja.

Alipoondoka, ng'ombe waliendelea kufa.

Yule mwekundu, uliyekuwa umemweka kwa mahari ya Kulwa, ulimpeleka machinjioni kabla hajadondoka. Mchinjaji alipopasua tumbo alivuta, akavuta tena, likatoka donge kubwa kama mto wa kulalia. Lote nailoni. Baadhi ya vifundo vya wauza chumvi vilikuwa bado vimefungwa. Ulilitazama lile donge ukakaa chini kwenye sakafu yenye damu, na suruali yako nzuri. Nikakwambia twende Wampembe tukamwombe radhi. Ukasema, "Mama Kulwa, neno hili ni langu, usinitangulie. Nitakwenda mvua zikiisha." Mvua zikaisha, ukasema tuvune kwanza. Tukavuna, ukaanza kukohoa, na kikohozi hicho hakikukupa nafasi ya kwenda popote.

Leo Skola, binti yake Bibi Tekla, alikuwa sokoni na dagaa wake. Huja mara mojamoja, na siku zote nilikuwa namkwepa. Leo nimemfuata. Nimemwambia yote, la mbuzi, la mawe, la lile donge, huku akifunga dagaa kwenye gazeti. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

"Mama tulimzika masika yaliyopita," akasema. "Kila dereva wa lori akishuka kutoka mjini alikuwa anamuuliza: yule Msukuma jirani yangu ameacha kuwapitisha ng'ombe wake pale sokoni? Mpaka anaumwa, anauliza. Sasa mama, mliacha?"

Nikamjibu kwamba hatuna ng'ombe.

Akanipa dagaa, akakataa hela. Nimeshindwa kuwapika, wako hapa mezani ninapokuandikia.

Usidhani mambo yamenyooka. Katazo linaishia kwenye uzio wa halmashauri. Ng'ambo ya barabara wanauza kwenye nailoni kama kawaida, na upepo wa huku unaujua, unazirudisha zote ndani. Jioni hii nimemwona kijana mmoja na ndama wake wawili wakinusanusa kando ya uzio. Nimemfuata nikamwambia usiwapitishe hapa, watakufa. Amenitazama vibaya, Baba Kulwa. Namna ileile uliyomtazama Bibi Tekla akiondoka zizini. Amewaswaga ndama wake, akageuka kunitazama tena.

Pumzika, mume wangu. Na huko uliko, ukikutana naye njiani, usingoje aanze yeye. Ni mkubwa kwako. Vua kofia, umwamkie.

Mkeo,
Mama Kulwa