Nilimzaba Nesi Kofi, Sasa Kidonda Kinamtaka Yeye

Mshauri mpendwa, nisitiri kwanza ndipo unisaidie, maana barua hii naiandika nimesimama, kukaa siwezi, na si kwamba nimekosa kiti, mimi ni seremala na viti ninavyo hadi vya kuazima watu, ila nilitokwa na jipu pahali ambapo mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwenye wakwe, hapendi kupataja. Upande wa kulia. Daktari alilipasua, akaniambia nirudi kila baada ya siku mbili kusafishwa, nami nikarudi nikidhani nitamkuta yeye, kumbe chumba cha vidonda kina nesi, binti wa umri wa kitindamimba wangu, akaniambia, "Shikamoo baba, teremsha suruali ulale kifudifudi," yaani salamu na amri kwa pumzi moja, na nje ya pazia foleni nzima inasikia.

Nikalala. Akasema, "Itauma kidogo, baba, hesabu mpaka kumi," akaanza kuvuta kitambaa kilichokuwa kimejazwa ndani ya kidonda, na mimi nilipofika tatu nikageuka nikamzaba kofi, sikulipanga, mkono ulikwenda wenyewe, akajigonga kwenye kabati la chuma, mdomo ukapasuka, trei ikamwagika, na badala ya kunyamaza nikaongeza matusi, nikamwita mwanga. Akatoka, akarudi na pamba mdomoni na mlinzi wa getini nyuma yake, akasema, "Baba, kidonda hakijaisha. Lala." Akakimaliza taratibu, mkono mwepesi kuliko mwanzo, na afadhali angenitukana, mshauri, afadhali angenifinya.

Nyumbani nikasema mambo yalikwenda salama. Karakanani ndiko nilikojitapa kwamba nimewafunza adabu watu wa hospitali, wenzangu wakacheka, isipokuwa mpiga vanishi wetu, yeye akauliza, "Ana kilo ngapi huyo nesi?" Nikasema labda arobaini na tano. "Na wewe?" Tisini na moja. Akaendelea kupiga msasa, akasema, "Basi hongera." Kicheko kikaishia hapo.

Leo ni siku ya sita sijarudi, kidonda kinanuka, mke wangu amepata habari zote kwa mfagizi wa hospitali, wako kikundi kimoja cha akina mama, na nilipomwomba anisafishe kwa maji ya chumvi akasema, "Mimi niliolewa, sikuajiriwa. Nenda kwa uliyempiga, ndiye anayekijua." Nimefika getini mara mbili, mlinzi yuleyule akanikazia macho, nikatoa futi yangu nikajifanya napima geti. Na ukutani wamebandika tangazo kwamba atakayempiga mhudumu atapelekwa polisi, nahisi limeandikwa kwa ajili yangu. Je, nihamie hospitali nyingine, au nisingizie ganzi kwamba ilinivuruga akili, au nikiache kidonda kipone chenyewe?

Seremala Aliyesimama

*Mshauri anajibu:*

Ndugu seremala, pole kwa kidonda. Pole hiyo ni ya kidonda tu, usiitandaze ikafika hadi kwenye mkono.

Ndiyo, tangazo limeandikwa kwa ajili yako, na kwa ajili ya wenzako. Huenda wiki hiyohiyo binti yule alishatemewa mate na mgonjwa mmoja na kurushiwa chombo cha mkojo na mwingine, na wote wakaenda makwao kusema mkono ulikwenda wenyewe. Ajabu ni kwamba daktari alipokuja na kisu, mkono wako ulitulia. Hukumpiga aliyeshika kisu, ukampiga aliyeshika pamba.

Jambo moja nakuelewa. Ulivuliwa suruali mbele ya binti wa rika la mwanao, foleni ikisikia, ukaona haya. Kuona haya si kosa. Ungemwambia, "Binti yangu, naona aibu, hakuna nesi mwanamume? Na dawa ya maumivu, siwezi kupata kwanza?" Mdomo ulikuwa nao, ukautumia kutukana.

Ganzi usiisingizie. Ganzi hulaza mkono, haiurushi. Hospitali nyingine nako kuna nesi, na wewe utakwenda na mkono uleule. Ama kusubiri kipone chenyewe, kidonda kinachonuka kinaweza kukulaza wodini wiki tatu, ukahudumiwa na manesi asubuhi, mchana na jioni. Chagua.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi, si keshokutwa, oga, vaa suruali isiyobana, uende. Mwambie mlinzi wewe ni nani; anajua, lakini mwambie. Mwone muuguzi mkuu kwanza, ukiri kosa, na wakitaka maelezo, andika ukweli utie sahihi. Wakikufikisha polisi, fika. Kisha uliza kama binti yule yuko tayari kukuona. Asipotaka, usimfuate wala usimtume mkeo kumbembeleza. Msamaha hauandikwi kwenye cheti cha dawa. Akikubali, mwombe radhi kwa sauti ileile uliyomtukania, foleni isikie, na usichomeke "lakini" hata moja. Ukitoka hapo pitia karakanani, ukawasimulie wenzako kilichotokea kweli, bila kujitapa.

Na atakayekusafisha, awe yeye au mwingine, lala kifudifudi, mikono yote miwili iweke chini ya kifua uilalie. Ikiuma, piga kelele. Mwite mama yako, mwite hata marehemu bibi yako. Kelele hazijawahi kumvunja nesi hata kidole.