Bomba la Maonyesho ya Amsterdam

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, ila jana nusura nipoteze kazi. Kwenye maonyesho ya sanaa huku Amsterdam, vinyago vya chama chetu cha wachongaji vimepangwa kando ya bomba linalomwaga maji sakafuni kutwa nzima. Nilikumbuka unavyochimba mchanga wa mto huko Nuu kutafuta maji, nikalifunga. Kumbe bomba lile na maji yake ndiyo sanaa yenyewe! Msanii wake alipiga kelele, nikajua ukarani wangu umekwisha.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Mutua, alinivuta kando. "Wewe karani, ulisomea nini? Mtu hukinga maji kwanza, ndipo afunge!"

Leo bomba lilipofunguliwa tena, aliweka beseni chini yake, akafua soksi zake. Watu wakadhani ni sehemu ya sanaa, wakampigia makofi, msanii akampa mkono. Kazi yangu imepona. Kesho nafua zangu.

Mvua ikufikie mlangoni.

Mwanao,
Kyalo