Pampu Mbili Kila Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya grisi. Mjomba huifanya kazi hii mwenyewe, asubuhi, kabla sijafika karakana. Nimeijua tangu ananifundisha: plagi ichomolewe, iwekwe juu ya meza uione kwa macho yako, ndipo mkono uguse msumeno wa mashine. Brashi kwanza, vumbi lote litoke. Mafuta ya taa kwenye diski kuondoa utomvu. Kisha pampu ya grisi — mbili kila beringi, si tatu! Anafuta kwa kitambaa hata usijue mtu amepita. Mwisho anachora mstari wa chaki kwenye mguu wa mashine, chini kabisa. Wiki moja, mstari mmoja.

Leo nimeinama kuokota penseli. Mstari wa leo haupo. Wa wiki jana pia haupo.

Amesahau. Kama alivyosahau gundi kwenye moto mwezi uliopita ikaungua na sufuria yake. Siku ile binamu, mwanawe wa pekee, alinipigia: kosa jingine moja tu, dada, namchukua nikae naye huku, karakana basi. Mjomba bila karakana! Si atakwisha kwa miezi miwili?

Alipokwenda kula nilichomoa plagi nikatia grisi mwenyewe. Mbili mbili. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna mstari. Nimetia tena, kama mwizi.

Jioni Mjomba akauwasha msumeno, akatega sikio, akafurahi. Unausikia mpwa wangu? Unaimba. Msumeno si mtoto, ukingoja ulie ndipo uulishe umeshachelewa. Nikacheka naye. Moyoni nilimhurumia — anajisifu kwa kazi ambayo hakuifanya.

Jumatano, 19 Machi

Juzi pia nilitia. Leo beringi ya kushoto ina joto, nimegusa nikaruka. Labda ni mbao ngumu za wiki hii.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna mstari. Ina joto? Basi ina kiu, nikajiambia. Nimetia.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya. Mjomba alikuwa anapasua ubao wa mlango wa mteja. Mkanda ukateleza, diski ikakwama katikati, moshi! Nikakimbilia swichi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Vidole vyake kumi nimevihesabu mimi mwenyewe.

Fundi wa mota alikuja akaifungua mashine. Grisi imejaa hadi sili, ule mpira wa kuizuia isitoke, imepasuka, imerukia mkanda wote. Akacheka: hii haikufa njaa, mzee, imevimbiwa. Kuna mtu anailisha mara mbili.

 Mjomba akaufuta mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Ni mimi. Natia, nasahau, natia tena."

Sikuelewa. Kama alikuwa anatia, mstari uko wapi? Ningesema pale pale. Badala yake nikachukua ufagio nikafagia. Yeye akatoka nje akampigia mwanawe — yeye mwenyewe! — akamwambia njoo unichukue, nitakuja kuua mtu.

Ijumaa, 28 Machi

Beringi mpya, mkanda mpya. Nimefungua mlango wa kabati la mota, ubavuni mwa msumeno, nifute grisi iliyoruka ndani.

Mistari mitano ya chaki. Upande wa ndani wa mlango, usawa wa kifua. Imenyooka kama alivyoichora sikuzote. Jumatatu tano, hakukosa hata moja.

Goti lake. Hawezi tena kuchuchumaa, na mimi sikuona! Ndiyo maana alileta kile kiti kirefu, akasema ni cha wateja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa alificha yeye nikaumbuka mimi.

Nilikaa kwenye vumbi la mbao nikalia. Swali moja tu lingetosha: Mjomba, leo umetia? Nilijiambia naogopa kumwaibisha. Uongo. Nilikuwa nimeshamhukumu, na nilijiona mwema kwa kumfichia.

Nimekwenda kwake jioni. Alikuwa anakunja mashati. Nikamsaidia kukunja, nikarudi. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Binamu atafika saa nne. Mjomba amekuja mapema kuniachia funguo. Kavaa shati la kutokea, aproni kaikunja vizuri kaiweka juu ya msumeno. Tukakaa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi:

"Hivi mpwa wangu, ni pampu ngapi kila beringi?"

Miaka kumi na minne mimi ndiye muulizaji. Nikajibu, "Mbili, Mjomba." Akaitikia kwa kichwa, akairudia polepole ili asisahau. Mbili.

Amekwenda nyuma kuaga zile randa zake. Nimechukua chaki. Kando ya mistari yake mitano nimechora minne yangu, na kila mmoja nimeuandikia tarehe. Tatu, kumi, kumi na saba, ishirini na nne. Mlango wa kabati nimeuacha wazi kabisa.

Honi. Binamu huyo anashuka. Naandika haraka, chaki imejaa kwenye karatasi.

Mjomba amerudi, amesimama pale. Anauliza nani kaacha mlango huu wazi.

Sasa amevaa miwani.