Wimbo Wanaouita Wangu

Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Nimeketi kitandani, blanketi hadi kifuani, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa ukurasa wa kwaya yetu mtandaoni.

Nimeficha jambo. Wimbo ambao makanisa ya Waswahili hapa Durban, kutoka Sydenham hadi Isipingo, yanauita "wimbo wa Papa Mwalimu", sikuutunga mimi.

Asubuhi Jospin alikuja mbio. Ndiye kiongozi wa kwaya yetu. Kazi yake ni kutengeneza simu kule Berea. Akaniwekea simu mbele ya macho: uwanja wa raga, maelfu ya watu wa Wales wameshikana mabega, wanaimba.

"Papa Mwalimu, ona! Wametuibia!"

Nikavuta blanketi juu.

"Na hata kuiba hawajui. Sikia sauti ya tatu: wao wanapanda, sisi tunashuka. Eish! Wezi wasiosoma solfa." Akacheka mpaka akakaa chini. "Nitawaandikia. Unipe tu mwaka na mahali ulipoutunga. Kitabu cha nyimbo kinaenda kuchapwa Ijumaa, na jina lako iko juu kabisa."

Kikohozi kikanikamata. Nilikishukuru.

Hawakuiba. Tuni hiyo niliinakili chuo cha ualimu, kutoka kitabu kikuukuu cha solfa, zile noti za do-re-mi. Juu ya ukurasa paliandikwa kwamba ni tuni ya Wales, iliyotungwa kwa ajili ya siku ambayo makanisa ya bonde moja hukusanyika kuimba kwa sauti nne, wachimba makaa ya mawe na wake zao. Nilinakili kwa haraka, na katika sauti ya tatu nikaandika noti moja vibaya. Noti hiyo inayoshuka ndiyo mali yangu pekee katika wimbo ule.

Najua kwa nini haufi. Unaanza chini, pale sauti ya mtu aliyechoka inapofika bila shida. Mstari wa mwisho unarudiwa, kila mara juu zaidi, na soprano wanaposhikilia noti ndefu, besi wanatembea chini yao kama watu wanaobeba kitu kizito pamoja. Hata asiyejua kuimba hupata pa kusimama. Wachimba makaa walihitaji hivyo. Sisi katika kambi ya wakimbizi pia.

Haya ningeweza kumwambia Jospin. Vitabu vya nyimbo vimejaa tuni za kuazima. Angecheka tena, barua ingeishia hapo.

Si hilo linaloninyima pumzi.

Saa nane mchana Furaha alikuja na uji, kama kila Jumanne, taxi mbili kutoka Isipingo, na mvua yote ile. Ana saluni ndogo huko. Si mwanangu. Baba yake, Damas, alikuwa rafiki yangu, tulikimbia vita pamoja. Kipindupindu kilimchukua kambini Furaha akiwa na miezi minne, na mama yake hakukawia kumfuata. Hana hata picha moja ya baba yake.

Alinishikia kikombe, maana mikono yangu haikubali tena. Huku akinifuta kidevu aliimba taratibu ubeti wa pili, ule wa mtoto anayelala huku watu wakihama. Humliza, hajui kwa nini.

"Papa, maneno haya uliyatoa wapi?"

Nilifungua mdomo. Ukatoka uji.

"Basi, basi, Papa. Usiseme. Utapaliwa bure."

Akaosha kikombe, akaenda kuwahi taxi.

Miaka yote ameniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Nimemjibu: mrefu, mpole. Kama mtu anayeeleza mlango.

Sentensi ndefu siziwezi tena kwa mdomo. Najua yeye husoma ukurasa huu saluni, wateja wanapokuwa wachache. Labda Jumanne ijayo hatakuja. Sina la kufanya.

Siku tuliyouimba mara ya kwanza kambini, Damas tulikuwa tumeshamzika. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu, umetunga!"

Nilitabasamu tu.

Jospin, kwenye tuni andika Wales. Kwenye maneno andika Damas. Aliyaandika kwa penseli nyuma ya kadi ya mgao, wiki ile aliyokufa, na mtoto anayelala katika ubeti wa pili ni wewe, Furaha.