Shanga za bibi nilimwekea Dada Pelagia

Baba na mayu, mkiamka nitakuwa nimewahi shule. Uji upo kwenye chupa.

Jana asubuhi nilikuwa nampangia Dada Pelagia sanduku la hosteli. Shuka mbili, chandarua, kufuli, sabuni. Akanitania, "Wewe Jeni, ukililia godoro nitalala kwenye maji!" Nikaona aibu, nikainama, ndiyo nikaficha zile shanga alizokuwa akivaa shingoni bibi marehemu, katikati ya shuka. Nilitaka zimlinde huko chuoni. Najua baba ulishasema hazitoki hapa nyumbani.

Jioni ng'ombe waliporudi, wote wakasimama wanaangalia barabara ya Lamadi, alikopita dada na basi. Hakuna anayecheua. Ndama hanyonyi. Sasa hivi saa nane usiku, bado wamesimama.

Baba, ~~wafungulie wakale~~ usiwafungulie, watamfuata. Na usimgombeze mayu, hajui kitu.

Mtoto wenu wa mwisho,
Jenifer

Mayu, nilichukua simu yako nikamwandikia dada azirudishe. Akajibu, "Nimekung'uta shuka zote, hamna shanga."

Nikamwandikia, "Dada, jishike shingoni."

Ujumbe ameusoma.